Mrima 1889 au Tanga 1914: Kampeni Ipi Inafaa Zaidi Kuchunguza Ushirikiano wa Jeshi la Nchi Kavu na Wanamaji?

Mwanafunzi wa historia anayetaka kuandika insha ndefu kuhusu namna majeshi ya kikoloni ya nchi kavu na ya majini yalivyoshirikiana, naye akataka kubaki katika pwani ya Tanzania, huwa na mifano miwili mikubwa mbele yake. Mmoja ni vita vya Wajerumani dhidi ya watu wa Mrima, yaani wa pwani ya bara, vilivyoanza Agosti 1888 na kumalizika katikati ya mwaka 1890, ambavyo manowari za Ujerumani zilivipigana bega kwa bega na kikosi cha Hermann Wissmann. Wa pili ni shambulio la Waingereza dhidi ya Tanga, lililodumu kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Wengi huangukia Tanga bila kusita, na sababu zao zinaeleweka: ni pambano la siku nne tu, mshindi na mshindwa wanajulikana, maofisa wake wameandikwa sana, na nyuki waliowavamia askari hawasahauliki. Hata hivyo kwa maoni yangu uchaguzi huo mara nyingi ni wa haraka mno, hasa pale swali la insha linapohusu ushirikiano wenyewe na siyo sababu za Waingereza kushindwa.

Nani alikuwa na amri juu ya nani

Katika vita vya Mrima, wanamaji ndio waliotangulia. Kwa mkataba wa Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za pwani, na kampuni ilipoanza kuchukua madaraka hayo mwezi Agosti, Pangani ikalipuka, kisha miji mingine ikafuata mmoja baada ya mwingine. Kilwa wawakilishi wawili wa kampuni waliuawa mwezi Septemba. Baada ya hapo kampuni ilibakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, na hata huko ilibaki kwa sababu manowari zilikuwa zimetia nanga mbele ya miji hiyo. Mwezi huohuo wa Septemba SMS Leipzig ililazimika kuteremsha mabaharia wake Bagamoyo ili kuiokoa nyumba ya kampuni. Kwa miezi kadhaa, basi, Admirali Karl August Deinhard na manowari zake ndio waliokuwa Ujerumani yote iliyoonekana katika pwani ile. Kuanzia tarehe 2 Desemba 1888 waliifunga pwani pamoja na Waingereza kwa hoja ya kuzuia biashara ya watumwa na silaha, ingawa kila nahodha wa jahazi alijua kwamba ulinzi ule ulikuwa unamkaba Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani, zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Tarehe 30 Januari 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2, na Wissmann akateuliwa kuwa Kamishna wa Dola. Hapa ndipo mfano huu unapoanza kuwa na thamani kwa mtafiti. Wissmann alikuwa na cheo cha kapteni tu katika jeshi la nchi kavu, mtu wa miaka 35, lakini alipokea maagizo yake kutoka kwa Kansela Bismarck mwenyewe. Deinhard alikuwa admirali, mwenye meli, mizinga na uzoefu wa miezi kadhaa katika pwani ile, lakini Kamishna hakuwa chini ya amri yake. Hakuna kati yao aliyeweza kumwamuru mwenzake, na kila mmoja alikuwa na njia yake ya kuifikia Berlin.

Tofauti yao ilionekana mara moja. Kabla ya Wissmann kuwasili, Deinhard alikuwa amekubaliana na Abushiri kusimamisha mapigano, na jambo hilo lilifungamana na mazungumzo ya kuwakomboa wamisionari waliokamatwa Januari 1889 baada ya misheni ya Pugu kushambuliwa. Wissmann aliyekuja na askari wapatao 600 wa Kisudani walioandikishwa Misri, pamoja na askari kutoka Msumbiji, hakuja kungoja mazungumzo. Aliona kila wiki ya utulivu inampa Abushiri nafasi ya kuimarisha boma lake, na mapema Mei makubaliano yakafikia mwisho. Jambo la kuzingatia ni kwamba baada ya kutofautiana kuhusu lini vita vianze, Deinhard hakujitenga: tarehe 8 Mei 1889, Wissmann alipoishambulia kambi ya Abushiri iliyokuwa nje ya Bagamoyo, mabaharia wapatao 200 walikuwa katika safu zake, wakiwa na bunduki begani na wakitembea mchangani kama askari wa miguu. Kambi ile ilizungushiwa handaki na ukuta wa magogo mazito yaliyosimamishwa. Mizinga ilifungua njia, kisha askari wa Kisudani na mabaharia wakaupanda ukuta. Zaidi ya watu mia moja wa upande wa Abushiri walikufa, naye mwenyewe akaponyoka.

Katika Tanga ya 1914 sura ya amri ilifanana na hiyo kwa nje, ila matokeo yake yalikuwa kinyume. Meja Jenerali Arthur Aitken aliongoza kikosi cha askari wapatao 8,000 kutoka India, na alikuwa chini ya mamlaka za India. Kapteni Francis Caulfeild aliongoza HMS Fox, manowari kongwe iliyozinduliwa mwaka 1893, na alikuwa chini ya wakuu wa wanamaji wa London. Hakukuwa na mtu mmoja karibu nao mwenye uwezo wa kuamua pale walipotofautiana, na palikuwa na jambo moja kubwa ambalo kila upande ulilitazama kwa jicho lake. Agosti 1914 manahodha wa manowari za Kiingereza walikuwa wamefikia makubaliano na maofisa wa Kijerumani kwamba Dar es Salaam na Tanga zisishambuliwe iwapo nazo hazitatumika kwa vita. London haikuyathibitisha makubaliano hayo. Caulfeild, hata hivyo, alishikilia kwamba heshima ya wanamaji inadai Tanga ipewe taarifa kwanza, na Aitken akakubali.

Hapo ndipo somo lilipo, na ndipo pia mipaka yake ilipo. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba, Fox iliingia peke yake katika ghuba ya Tanga. Mkuu wa wilaya, Auracher, alipanda melini, akaelezwa kwamba makubaliano yamekwisha na kwamba anatakiwa kuusalimisha mji, akapewa muda wa saa moja. Caulfeild alimuuliza pia kama maji ya bandarini yametegwa mabomu, na jibu alilolipata lilimwacha na hofu. Auracher alirudi pwani, akatuma taarifa, akavaa sare yake ya kijeshi, wala hakurudi tena melini. Saa ilipita na bendera ya Ujerumani haikushushwa, na badala ya kuuchukua mji uliokuwa na walinzi wachache mno, wanamaji walianza kusaka mabomu ambayo hayakuwepo. Wakati huo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa akipakia vikosi vyake katika mabehewa ya reli ya Usambara huko Moshi. Askari wa kwanza wa Kihindi walianza kukanyaga ufukwe wa Ras Kasone usiku, kilomita chache mashariki ya mji, na kufikia asubuhi ya tarehe 3 Novemba treni zilikuwa zimeanza kuwafikisha Wajerumani na askari wao.

Anayechunguza ushirikiano ataona kwamba katika Tanga kosa kubwa lilifanyika kabla jeshi la nchi kavu halijapata nafasi ya kufanya lolote. Ni kosa linaloelezeka vizuri, lakini likishaelezwa, insha inabaki na kurasa nyingi ambazo mada yake inakuwa mapigano ya nchi kavu: mashamba ya mkonge na minazi yaliyozuia macho, vikosi vya Kihindi vilivyochoka baada ya majuma ya kukaa baharini, nyuki, na askari wa Lettow-Vorbeck wasiozidi elfu moja na kidogo. Yote ni historia ya kweli, ila uhusiano wake na wanamaji ni mdogo.

Kushusha watu na mizigo

Katika jambo hili Tanga ina picha moja ambayo sijaona mfano wake katika vita vya Mrima, nayo inafaa kutazamwa kwa karibu. Kikosi cha Aitken kilikuwa na mizinga ya milimani, ile inayofunguliwa vipande na kubebwa na nyumbu. Mizinga hiyo haikushushwa kabisa. Iliwekwa juu ya sitaha ya meli ya uchukuzi na kufyatua kutoka humo, huku waliokuwa wakiifyatua wakiwa hawawezi kuona vizuri yanayotokea nyuma ya minazi. Fox nayo ilifyatua kuelekea mjini, na baadhi ya makombora yaliangukia hospitali. Kwa hiyo askari wa Loyal North Lancashire na wa Kashmir walioingia mitaani tarehe 4 Novemba waliingia bila mizinga iliyokuwa ikitembea nao, ilhali mizinga hiyo ilikuwapo, umbali mfupi tu, ikielea juu ya maji. Ikiwa swali la insha ni kwa nini mizinga ya melini haiwezi kuchukua nafasi ya mizinga ya nchi kavu pasipokuwa na mtu ufukweni wa kuiongoza, sina mfano ulio bora zaidi ya huo.

Vita vya Mrima vinatoa kitu kingine, yaani mazoea yanayojengeka. Baada ya Bagamoyo, Wissmann na wanamaji walirudia kazi ileile mara kadhaa, na kila mara katika mahali penye mazingira tofauti. Tarehe 6 Juni 1889 manowari zilipiga Saadani, mji wa Bwana Heri, kiongozi mwingine wa upinzani, na askari wakashuka. Tarehe 8 Julai ilikuwa zamu ya Pangani, mahali pagumu zaidi, kwa kuwa mji uko ukingoni mwa mto na mlango wa mto huo una fungu la mchanga lisiloruhusu meli kubwa kuingia, na Julai ni msimu wa kusi ambapo bahari ya nje huchafuka. Manowari zilibaki mbali zikifyatua mizinga, na askari walifika kwa mashua. Siku mbili baadaye Tanga ikachukuliwa. Mei 1890 mtindo huo ulipelekwa kusini: Kilwa ilipigwa kutoka baharini huku vikosi vikiufikia mji kutoka nchi kavu, na Lindi na Mikindani zikafuata katika mwezi huohuo. Mtafiti anapata hapa matukio yasiyopungua sita ya aina moja, yaliyofanywa na watu karibu walewale katika mwaka mmoja, na anaweza kuuliza ni nini kilichobadilika kati ya la kwanza na la mwisho. Tanga ya 1914 haimpi nafasi hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo waandishi huliruka. Wissmann alikuwa na meli zake mwenyewe, vyombo vidogo vya mvuke vilivyonunuliwa kwa fedha za bunge, ambavyo vilimwezesha kuhamisha askari na chakula bila kumwomba admirali. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya wao kuelewana: aliyehitaji msaada wa manowari aliuhitaji kwa ajili ya mizinga na mabaharia tu, wala hakulazimika kuwasubiri ili kusogeza kila gunia la mchele. Aitken alitegemea msafara wa meli kumi na kadhaa za uchukuzi zilizokuwa chini ya ulinzi wa Fox, na manowari kubwa zaidi iliyotarajiwa kumlinda, HMS Goliath, ilikuwa imeharibika mitambo Mombasa. Kwake yeye, nahodha akisema meli hazitasogea, jeshi zima halisogei.

Miji iliyopigwa

Ulinganisho huu utakuwa pungufu ukiwatazama maofisa peke yao. Ushirikiano wa mwaka 1889 ulifanikiwa kwa kipimo cha Wajerumani, na mafanikio hayo yalikuwa na maana ya nyumba za Saadani, Pangani na Kilwa kupigwa makombora na watu kukimbilia mashambani. Kufungwa kwa bahari, kulikoendelea hadi mwanzoni mwa Oktoba 1889, kuliathiri majahazi yote, ya wenye silaha na ya wenye nazi. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri, aliyepigana kwa ustadi mkubwa zaidi kuliko anavyosifiwa, alijisalimisha mwaka uliofuata. Katika Tanga ya 1914, kinyume chake, wakazi wa mji huonekana kwa nadra sana katika maandishi ya Waingereza na Wajerumani. Wanatajwa kama watu waliokuwa njiani. Mwanafunzi anayetaka insha yake iwahusu pia waliokuwa ufukweni wakizitazama meli zinavyokuja atapata mengi zaidi katika Mrima, kwa sababu vita hivyo viliandikwa na Waswahili wenyewe: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mrefu kuhusu kuja kwa Wadachi, yaani Wajerumani, ambao ni ushahidi wa kihistoria unaopaswa kusomwa sambamba na ripoti za admirali.

Kuna pia athari ya kiutawala. Kikosi cha Wissmann kiligeuzwa rasmi kuwa jeshi la ulinzi la koloni mwaka 1891, na katika miaka yake ya mwanzo jeshi hilo la nchi kavu liliwekwa chini ya ofisi ya wanamaji huko Berlin. Hilo peke yake ni sura nzima kwa anayependa kuchunguza taasisi, na lina uhusiano wa moja kwa moja na Tanga, kwa kuwa jeshi lililowashinda Waingereza mwaka 1914 ndilo hilohilo lililozaliwa Bagamoyo.

Mifano mingine miwili

Baadhi ya wanafunzi huniuliza kuhusu Ziwa Tanganyika, ambako ofisa wa wanamaji wa Uingereza Geoffrey Spicer-Simson alizifikisha boti mbili zilizoitwa Mimi na Toutou kwa reli, kwa kuvutwa porini na kwa mto kutoka Cape Town, akaikamata meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Kisa chenyewe kinavutia, na ni rahisi kukinogesha. Kwa swali letu, ningekiepuka. Sehemu yake kubwa ni mapigano ya majini peke yake, na pale ushirikiano ulipohitajika kweli, Juni 1916 huko Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, Wajerumani waliokuwa wamezingirwa kutoka nchi kavu waliponyoka kwa njia ya ziwa, na waliotakiwa kuifunga njia hiyo hawakuifunga. Mfano huo unatosha aya moja ndani ya insha, ukiwekwa karibu na Tanga.

Pwani ya mwaka 1916 ni jambo jingine, nayo inastahili kupewa nafasi zaidi ya inayopewa. Jenerali Jan Smuts, aliyeongoza jeshi la Waingereza, alipoteremka kutoka Kilimanjaro kuelekea reli ya kati, askari wake waliugua na kukosa chakula kwa sababu kila kitu kilitoka Mombasa kwa njia iliyozidi kurefuka. Alihitaji bandari, na wanamaji wa Admirali Edward Charlton wakazichukua moja baada ya nyingine: Tanga na Pangani mwezi Julai, Saadani mwanzoni mwa Agosti, Bagamoyo tarehe 15 Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, kisha Kilwa, Mikindani na Lindi kabla ya mwezi huo kuisha. Bagamoyo mabaharia na wanajeshi wa majini walishuka alfajiri chini ya ulinzi wa manowari zenye tumbo pana, Severn na Mersey, ambazo ziliweza kukaribia ufukwe kwa sababu hazikuhitaji maji ya kina, na katika mapigano hayo waliukamata mzinga mmoja uliotoka katika Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoangamizwa Rufiji mwaka 1915 na ambayo mizinga yake ilipandishwa magurudumu na kutumika nchi kavu. Anayeandika kuhusu chakula, hospitali, reli na gati, ambayo kwa kweli ndiyo mambo yaliyoamua vita vile, asisite kuchagua mwaka 1916.

Namna ya kuchagua

Ikiwa insha ina maneno elfu mbili au tatu na swali ni namna ushirikiano unavyovunjika, chagua Tanga 1914, lakini ipange kwa saa: taarifa ya asubuhi, usakaji wa mabomu, treni za Moshi, ufukwe wa Ras Kasone usiku, mizinga iliyobaki sitahani, na kuondoka kwa haraka tarehe 5 Novemba ambako Waingereza, waliokwisha kupoteza watu zaidi ya 800 kwa kuuawa, kujeruhiwa au kutojulikana walipo, waliacha ufukweni bunduki za rashasha 8 na risasi zaidi ya nusu milioni. Usisahau kwamba jioni ya tarehe 4 sehemu kubwa ya askari wa Lettow-Vorbeck ilitoka mjini kwa kutoelewa ishara ya tarumbeta, Tanga ikabaki karibu tupu kwa saa kadhaa, wala hakuna aliyeiambia meli wala jenerali. Nyuki wape sentensi moja.

Ikiwa kazi ni tasnifu, au swali linauliza namna ushirikiano unavyojengwa, unavyorudiwa na unavyolipwa, Mrima ni bora, na simuoni mpinzani wake wa karibu katika pwani hii. Gharama yake ni lugha. Maandishi ya wanamaji wa Ujerumani yako katika hifadhi ya kijeshi ya Freiburg na ya makoloni yako Berlin, kwa Kijerumani, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kwa mkono katika miaka ile inahitaji mazoezi kabla ya kusomeka. Hifadhi ya taifa ya Dar es Salaam ina mafaili ya Kijerumani pia, lakini mengi ni ya miaka ya baadaye. Kwa Tanga, anayejua Kiingereza anaweza kwenda mbali kwa kutumia kumbukumbu za hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew na za ofisi ya India zilizoko British Library peke yake. Kwa hiyo mwanafunzi asiyejua Kijerumani, wala asiye na mwaka wa kujifunza, aanze na Bagamoyo 1916, ambayo kumbukumbu zake ni za Kiingereza, na ambayo ina sehemu nzuri ya yale aliyokuwa akiyatafuta Mrima.